Mfalme wa Kioo wa Ipuli

Baba alifundisha historia hapa Tabora kwa miaka mingi, na somo alilolipenda kuliko yote halikuwamo hata kwenye mtaala: mfalme mmoja wa Ufaransa ya kale, aliyetawazwa angali mtoto. Siku moja, akiwa safarini msituni, alichomoa upanga akaua watu wake mwenyewe. Baadaye akaamini kwamba mwili wake ni wa kioo. Alishonewa vyuma ndani ya nguo, akakataza kuguswa. Wakubwa wakagombea madaraka, nchi ikaharibika, naye akabaki mfalme hadi kufa. Wanafunzi walicheka, na sisi watoto wake tulicheka nyumbani Ipuli.

Mwaka jana, jua la Oktoba likiwaka, nilimkuta sebuleni amejifunga mito ya kochi mwilini kwa kanga za mama. Nikainama nimshike mkono.

"Usiniguse, mwanangu," alisema polepole. "Nitavunjika."

Alitutaja wote kwa majina, hakukosea hata mjukuu mmoja. Ila kumgusa, hapana. Daktari alisema ni uzee, akatuandikia vidonge. Miezi miwili sikumshika baba yangu, na iliniuma kuliko nilivyokubali kusema.

Ndipo nikafanya kosa. Nilimwita mtani wake, mzee wa Kigogo jirani yetu. Sisi Wanyamwezi tunataniana na Wagogo tangu misafara ya pwani ilipokatiza kwao, na mtani hakasirikiwi. Huyu aliwahi kulala kwenye kitanda cha baba mchana kweupe akidai ni chake. Nilimwomba amkumbatie tu, basi.

Alifika saa nne asubuhi. Akamuuliza baba ni mfalme gani yeye, ilhali babu yake alipita Ugogo na mzigo kichwani akiomba maji. Baba akatabasamu kidogo. Mtani akafungua kanga, mito ikaanguka, akamkumbatia kwa nguvu.

Kikasikika kioo kikipasuka. Tulikisikia wote watatu, mimi, mama na mtani. Mama alikagua kabati, jikoni, madirisha yote, hakuna kilichovunjika. Mtani alitoka bila kuaga, na hajakanyaga kwetu tena.

Baba aliinuka mwenyewe, mwepesi, hana hofu. Akanijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo," akaniambia, kwa adabu anayopewa mgeni mkubwa.

Nilimtafuta baba usoni mwake, sikumwona. Mama alikuwa analia mlangoni. Nikaitikia marahaba, maana niliogopa nikinyamaza ataniachia mkono.