Mtaro wa Kutafuta Bomba la Jiji

Leseni ya ufundi bomba niliikosa Juba, nchini kwangu mwenyewe, nikiwa na cheti cha Nairobi mfukoni. Mpaka leo nikikumbuka, uso unanichoma.

Ilikuwa ile miaka ya baada ya amani kutiwa sahihi. Sisi tuliokulia Kenya tulikuwa tunarudi kwa wingi, kila mtu na maringo yake, na yangu yalizidi. Mke wangu alikuwa bado kambini Kakuma na mtoto. Mwenye kampuni moja ya ujenzi alikuwa ameniahidi kazi na chumba cha kuishi, mradi nimwonyeshe leseni. Bila leseni hakuna chumba, na bila chumba hawaji. Kwa simu nilikuwa nimemwambia mke wangu, "Wewe umeolewa na plamba. Huku hutabeba maji kichwani tena."

Mtihani ulifanyiwa uwanja mmoja upande wa Mangateen. Tulikuwa watatu, na wale wawili walikuwa wamekulia Juba penyewe. Kila mmoja alipewa kibanda kitupu, tangi, mabomba, sinki na agizo moja: leta maji kutoka yanakotoka mpaka kwenye sinki. Nikacheka moyoni. Nikashika sururu, nikaanza kuchimba kuelekea barabarani, maana Nairobi kazi yoyote inaanzia kwa laini ya jiji. Nilijua vita vimeharibu mengi, lakini bomba kuu lazima liwe huko chini mahali fulani.

Wenzangu hawakuchimba hata kidogo. Walipandisha matangi juu ya vyuma, wakashusha bomba nene ukutani mpaka usawa wa kiuno, mdomo wake ukitazama barabara. Nikajiambia hawa jamaa hawajui kazi. Mtahini wetu, mzee ambaye hakuhama Juba vita vyote, alikuwa ameketi na chai yake akinitazama tu.

Saa saba mchana mtaro ulikuwa umenifika kiunoni. Ndipo lori la maji likaingia, limetoka kujaza mtoni. Dereva akachomeka mpira kwenye bomba nene la mwenzangu wa kwanza, pampu ikanguruma, tangi likajaa. La pili vilevile. Akaja kwangu, akazunguka kibanda akitafuta pa kuchomeka, akakosa.

"Wewe natafuta nini huko chini?" mtahini akaniuliza.

"Bomba la jiji, mzee."

"Upande huu hiyo mafi. Hakuna. Haijawahi kuwa." Akaweka kikombe chini. "Nyumbani kwako unaoga na maji gani?"

"Ya pipa."

"Na pipa najazwa na nani?"

Miezi mitatu nilikuwa nikiishi mtaa wa Hai Malakal, humo humo Juba, na kila asubuhi lori lilikuwa linajaza lile pipa mbele ya macho yangu. Mimi nilidhani ni shida ya muda, kwamba maji yenyewe yamekatika na yatarudi.

"Khalas," akasema, bila hasira. "Fukia. Rudi mtihani ingine, baada ya mvua."

Nilifukia mtaro, kisha nikampigia mke wangu nimweleze. Hakunipa nafasi. Alikuwa amejaa furaha, ameshafunga mizigo.

"Mitungi yote ya maji nimewagawia majirani," akasema. "Si ulisema hatutaihitaji?"