Mgongo wa Tumpe Ukutani

Cheka tu, wanaocheka nimeshawazoea. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, asubuhi kweupe, sijalewa wala siumwi.

Ilikuwa ile miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Mimi nilikuwa fundi wa kuchora vibao vya maduka pale Mwanjelwa, Mbeya. Viongozi wa kijiji kimoja kwenye barabara ya Iringa wakaniita nichore wanawake wa makabila yote kwenye ukuta wa zahanati, pengine watapatana. Maana kijiji kilikuwa kimepasuka. Tumpe, mke wa kijana mmoja wa Kinyakyusa, alikuwa amefariki akijifungua, mikononi mwa mkunga wa Kihehe, Bi Sikujua. Ukweni kwake wakasema kalogwa. Walitaka mkunga afukuzwe kijijini, na kikao kilikuwa siku hii ninayokusimulia.

Bi Sikujua nilishamchora. Hakuna mwanamke aliyekubali kuchorwa karibu naye. Basi ukungu umeshuka, hata barabara huioni, akaja mwanamke nisiyemjua, akasimama ubavuni mwa picha ya mkunga.

"Nichore hapa, nimemshika mkono," akasema. "Ila unigeuze mgongo, fundi. Baba mkwe anapita njia hii."

Wanyakyusa ndivyo walivyo. Mke wa mwana haonani uso na baba mkwe. Wakikutana njiani anampa mgongo. Nikajisemea, picha ya mgongo nani ataitazama? Nikamchora uso, tena uso mzuri. Kugeuka, hayupo.

Nikaenda kuosha brashi. Niliporudi, niamini, picha ilikuwa imegeuka. Naona kisogo, naona mgongo, mkono bado umeshika wa mkunga. Nikagusa rangi, imekauka kabisa. Rangi ya mafuta, na baridi ile ya Mbeya, inakaukaje muda huohuo? Nikakaa kwenye matope.

Hapo akatokea mzee mmoja na fimbo yake, anakwenda kikaoni. Akatupa jicho ukutani, kisha haraka akaangalia pembeni.

"Fundi, nani kakutuma umchore Tumpe?"

Nikamuuliza amemjuaje bila uso.

"Mimi ni baba mkwe wake. Uso wake sikuwahi kuuona, mwanangu. Mgongo huo ndio niliokuwa nao nyumbani." Bado anaangalia pembeni. "Kamshika nani mkono?"

Nikamwambia ni mkunga.

Machozi yalimtoka mzee, akayaacha. Alipofika kikaoni alisema neno moja tu, Bi Sikujua asiguswe, akaketi. Baadaye wanawake walikuja wenyewe kuchorwa, Msafwa, Msangu, hata mke wa mwenye duka aliyetoka pwani.

Lakini hao aliwachora fundi mwingine. Mimi tangu siku ile naandika herufi tu, na nikiacha kibao hata kidogo, narudi kwa woga. Wewe unayeshika brashi leo, mtu akikuambia umgeuze, mgeuze. Mwenyewe anajua anayemheshimu, hata kama tumeshamzika.