Baiskeli Iliyopakwa Mafuta

Mafuta ya kondoo yana harufu ambayo hata sabuni ya unga haiitoi nguoni. Juzi niliisikia mnadani Endulen, ninakofundisha, na papo hapo nikarudi kuwa mtoto wa Rhotia aliyesimama peku kwenye umande, akitazama baiskeli aliyokatazwa kuigusa.

Niliikuta asubuhi nyuma ya banda, nilipotumwa kufungulia mbuzi. Ilikuwa ndogo, ya kimo changu hasa, na hilo ndilo lililomtia mama wasiwasi kwanza. Nani alimpima mtoto wake, na lini? Baba alichuchumaa akaifuta kwa kiganja akitafuta maandishi. Baiskeli zote za kwetu zilikuwa na maandishi, hata zile kongwe zilizobabuka rangi. Sisi watoto tulijua kusoma neno China kabla hatujajua kuandika majina yetu. Hii haikuwa na herufi hata moja. Fremu ilikuwa bomba la maji, usukani nondo iliyopindwa, kiti kipande cha mti kilichovikwa ngozi ya mbuzi, na mipira ya magurudumu ilikatwa kwenye tairi kuukuu la gari. Mnyororo ulikuwa wa bodaboda, umefupishwa. Kwenye usukani ilining'inia kengele ya mbuzi. Hapakuwa na alama ya kuchomelea popote. Vyuma vilishikwa kwa misumari iliyopondwa kichwa, vile panga linavyoshikwa na mpini wake.

"Hii haina kwao," baba alisema. Kisha akanusa kiganja chake. "Na imepakwa mafuta."

Ilikuwa imepakwa kweli, kuanzia usukani hadi pedali, kwa uangalifu, bila kuacha mahali pakavu. Mama alikuwa mtu wa jumuiya ya kanisani, aliyewacheka hadharani wanaovaa hirizi. Siku hiyo hakucheka. Alinishika bega akanirudisha nyuma.

"Paskalina, ukiigusa hiyo, usije kuniita mama."

Mimi nilikuwa nimekwisha kuitaka. Sijawahi kukitaka kitu maishani kama nilivyoitaka baiskeli ile, na nawaambia hivi nikiwa na mume na nyumba ya bati. Nililala nikiiendesha na kuamka nikiiendesha, na mchana niliizunguka kwa mbali, mikono nikiifumbata mgongoni ili isinisaliti.

Wakubwa walikuwa na kazi nyingine, ya kutafuta mwenye nia mbaya. Kwanza alikuwa jirani ambaye ng'ombe wake walikuwa wameingia kwenye mahindi yetu. Baadaye wakawa vibarua wa Singida waliokuja kuvuna vitunguu, ambao hawakujua hata kwamba tuna banda. Kisha zamu ikamfikia shangazi yangu wa Mbulu, kwa sababu tu alikuwa amesifu nilivyorefuka. Kila aliyetusalimia siku zile alijibiwa nusu, na akiondoka alisindikizwa kwa macho hadi kwenye kona.

Katekista aliitwa. Aliinyunyizia baiskeli maji ya baraka akiwa amesimama mbali kidogo kuliko ilivyohitajika, kiasi kwamba mengi yaliwapata kuku. Baada ya hapo mama aliisugua kwa majivu na sabuni mpaka chuma kikang'aa, akaiegemeza ukutani upande wa barabara ikauke. Akaniambia labda Jumapili, baada ya misa, ningeruhusiwa kukaa juu yake. Kukaa tu. Nilikubali haraka, asije akabadili mawazo.

Jumapili ile tulipoamka, mafuta yalikuwa yamerudi.

 Baba alisema baiskeli itakatwa leo leo, na ya kukatwa hupelekwa kwa mhunzi.

Mhunzi wetu alikuwa Mzee Lemburis, Mmaasai aliyehama kutoka huko huko Endulen, akajenga kibanda na mvukuto wake kando ya barabara. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kwake na majembe. Nilizoea kumwamkia, "Shikamoo, aako," kama tunavyowaita babu kwa Kiiraqw, nikimpa mkono. Aliutazama kwanza mkono wangu, kisha akaupokea taratibu. Nilidhani ni uzee.

Baba aliishusha baiskeli mlangoni kwake. Nami nilikuwepo, kwa kuwa nililia mpaka nikachukuliwa.

"Ikate hii, mzee. Kuna mtu ametutupia uchawi."

Mzee aliitazama muda mrefu. "Mtoto ameipanda?"

"Apande kitu kama hicho?"

"Basi iache. Nitaikata."

Alichukua koleo, akaing'oa ile kengele. Halafu akachovya vidole kwenye kopo lililokuwa kando ya mvukuto, akaipaka kengele yote, ndani na nje, akaninyooshea. Harufu ikanifikia kabla ya kengele. Ikamfikia na baba. Alilitazama lile kopo, akaitazama baiskeli, akanivuta mkono kwa nguvu, tukaondoka bila kuaga.

Tangu siku hiyo majembe yetu yalipelekwa Karatu mjini. Baba hakuificha habari ile, na majembe ya jirani yakafuata. Moto wa kibanda ukawa hauwaki siku nyingi, mwisho mzee akafunga mvukuto wake akaondoka. Nilikua nikiamini kwamba nilinusurika kwa mchawi.

Juzi, hapo mnadani, bibi wa mwanafunzi wangu alinunua kisu kwa kijana mhunzi. Kijana alikiweka chini, hakumpa mkononi. Bibi akatoa kikopo, akapaka mafuta kiganjani na kwenye kisu, ndipo akakiokota. Nilimuuliza kwa nini.

"Hawa wahunzi mikono yao ina mkosi, mwalimu," alisema, kijana akisikia. "Usipopaka mafuta, unakuingia. Mtoto ndiye anaumia zaidi."

Nikamkumbuka Mzee Lemburis. Mzee wa watu aliniona nikimpa mkono mkavu kila mara, na wazazi wangu hawanikatazi, maana kwetu Wairaqw hatukuwa na desturi hiyo. Akanitengenezea baiskeli. Akaipaka mafuta nisidhurike. Alipopita barabarani akaiona imesuguliwa, akaja alfajiri kuipaka tena. Sisi tulimwogopa kwa wiki chache. Yeye aliiogopa mikono yake mwenyewe maisha yake yote, na hata hivyo akaitumia kunifanyia kazi ile.

Kijana alikuwa na kengele za mbuzi. Nilichagua moja, naye akaiweka chini, akanisogezea kopo la mafuta.

"Nipe mkononi," nilimwambia.

"Mwalimu, hujapaka."

"Najua."

Alimtazama bibi, akanitazama mimi. Mkono wangu ulichoka kungoja, lakini sikuushusha.