Mwaridi wa Nyuma ya Jiko

Mshonaji alikaa miezi minane kwa binti yake akiuguza mguu. Aliporudi nyumbani, hata mlango hakufungua kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye mwaridi wa marehemu mumewe, nyuma ya jiko. Ulikuwa umebaki vijiti. Akamwaga ndoo nzima. Maji yakajikusanya matone matone juu ya udongo, yakatiririka hadi ukutani. Alipochimba kwa kidole, chini palikuwa pakavu kama unga.

"Hata udongo wake umeninunia," alimwambia jirani yake, muuza miche.

"Hujanuniwa, dada. Majani yakioza huacha nta, na udongo ukikauka mno, nta hiyo inayakataa maji. Utifue, kisha unyunyize kidogo kidogo. Ukimwaga kwa pupa yatakukimbia tu."

Basi kila asubuhi aliketi kwenye kigoda, akinyunyiza huku akimsimulia mumewe habari za wajukuu. Siku ya sita udongo uliyanywa maji, ukawa mweusi. Mwaridi haukuchipua. Hata hivyo hakuacha kunyunyiza, kwani udongo ule ukilowa ulinukia mikono ya mumewe.