Matanga ya Rubani Aliye Hai

Mtu akikwambia amewahi kufika matangani kwake mwenyewe, utasema kalewa. Onesmo Jilala alifika, tena kwa baiskeli, na pombe hakuwa ameonja.

Ilikuwa mwaka 1956, pamba imeshauzwa. Onesmo, mzaliwa wa Ushetu, alikuwa kibarua kwenye uwanja mdogo wa ndege wa mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Nyumbani walijua kwamba anafyeka majani na kufukuza ng'ombe wa watu ndege inapotaka kutua. Na kweli ndivyo alivyoanza. Lakini rubani wa mgodi, Mpolandi mmoja mwenye mdomo mchafu na moyo mweupe, aliyeitwa na wote Bwana Zigi, alichoka kuruka peke yake, akawa anampakia kijana huyu pembeni yake. Siku moja akamwambia, "Hebu shika, nataka kuvuta sigara." Sigara ikaisha, akawasha nyingine, na usukani hakuuomba. Tangu hapo, wakishapita vilima na wakubwa wa mgodi hawawaoni tena, rubani alikuwa Onesmo. Loo, aliipenda kazi ile! Nisikufiche, aliipenda kuliko chakula.

Sasa Bwana Zigi akapata kazi kwenye shirika la ndege huko Uarabuni, akataka kwenda na Onesmo. "Hapa hawatakupa leseni hata ukirusha ndege kwa meno," alimwambia. "Kule mwenye shirika ni rafiki yangu tangu vita. Utasoma, utafanya mtihani, utakuwa rubani mwenye kofia. Mkataba ni miaka minne. Kuja likizo nyumbani hakuna, kuleta mke hakuna. Nataka jibu kabla sijaondoka."

Miaka minne! Onesmo alikosa usingizi. Alikuwa na mke, Apolonia, na binti wao Klara aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, wote wanakaa Ushetu kwa wazazi wake. Akiamka anataka kwenda, akinawa uso hataki. Hakuwa amemwambia mkewe hata kwamba anashika usukani, sembuse mkataba. Alipanga kwenda kuomba baraka ana kwa ana, lakini akaona kwanza awalainishe na zawadi.

Na hapo ndipo alipoharibu. Walipokuwa wakipeleka vipuri Tabora, njia ilipita juu ya kwao. Akafunga sukari, chumvi na sabuni ndani ya shati lake kuukuu, lile ambalo mama yake alilitia kiraka cha kaniki begani, Bwana Zigi akashusha ndege hadi kuku wakatawanyika, Onesmo akaachia. Mwenyewe alicheka njia nzima. Mama ataona kiraka, atajua ni mimi! Kichwani mwake jambo lilikuwa wazi kabisa, hata hakujiuliza hao walioko chini wanaona nini.

Basi wiki chache baadaye akashuka basi Kahama, akaazima baiskeli mtaa wa Nyasubi, akakanyaga kuelekea nyumbani. Alipokaribia boma akaona watu wengi wamekaa chini, na wanawake wa kwao wote wamenyoa vipara. Akajua kuna msiba. Moyo ukampasuka: ni baba! Halafu akamwona baba yake ameketi na mkongojo wake. Ni Klara! Klara huyo hapo, anakula udongo. Akatafuta kwa macho nani hayupo, asimpate.

Apolonia alikuwa wa kwanza kumwona. Alisimama, kichwa kinang'aa, mdomo wazi, kisha akakaa chini kama gunia lililokatwa kamba. Watu wakageuka. Mayowe yaliyopigwa pale, we acha tu! Wazee wazima waliruka uzio wa minyaa. Nyuma ya nyumba, kwenye udongo mbichi, Onesmo akaona kaburi fupi, na juu yake kibuyu chake cha maji cha zamani. Baiskeli ya watu ikaanguka.

"Usinisogelee!" mama yake alipaza sauti akiwa nyuma ya kinu. "Kama ni wewe, niambie ni ng'ombe gani alimvunja baba yako mguu."

"Hakuwa ng'ombe, mayu. Alikuwa punda wa mzee Januari. Tena baba alikuwa amelewa."

Baba mtu akakohoa. Mama akaanza kulia upya, na safari hii alilia vibaya kuliko alivyomlilia maiti.

Hata hivyo hawakumruhusu kuingia kwa mlango. Katika ukoo wao mtu aliyepotea bila mwili huzikiwa nguo yake, na akishazikwa hivyo mlango si wake tena. Wachunga ng'ombe walikuwa wameleta shati limechanika, sukari imemwagika porini, wakasema limetoka angani na ngurumo. Kiraka kikatambuliwa. Nyumbani wakaamua kwamba mtu wao alikamatwa na ndege, akaanguka, mwili haukufika. Ungesema nini? Kaka yake Maduhu alizunguka porini akitafuta hata mfupa, akarudi miguu imejaa miiba. Wakazika shati. Siku aliyofika Onesmo ndiyo waliyokuwa wanaanua matanga.

Akawekwa kwenye lango la zizi, akaoshwa kwa maji ya majani, kisha wakatoboa ukuta wa nyuma wa nyumba yake, akaingia humo kwa kutambaa, mwanamume mzima, huku anasikia wanawake wanapiga vigelegele. Alikuwa na aibu, na hofu, na njaa.

Apolonia alikuwa ndani anamngoja. Hakumkumbatia.

"Pale zizini umewaona ng'ombe wetu?" aliuliza.

"Sikuwaona."

"Wako kwa Maduhu. Na mimi nilikuwa nahamia kwake leo, tukishakula. Wazee walishasema, pombe ikanywewa. Klara angebaki kwa mama yako."

Onesmo alijua desturi ya kurithi wajane, nani asiyeijua? Alishawahi hata kula pilau ya shughuli kama hiyo na kufurahi. Ila hakuwahi kuiona ikiwa na uso wa mke wake.

"Wewe ulisema nini?"

"Baba Klara, nani aliniuliza?"

Akatoka kwa tundu lile lile hadi kwa Maduhu, aliyekuwa bado anafuta machozi ya furaha.

"Kaka, mke wangu?"

"Mdogo wangu, nimekulilia mpaka sauti imekauka, muulize yeyote. Lakini ulikuwa umekufa. Ulitaka abaki kwa nani?"

"Mlimwuliza mwenyewe anataka nini?"

Maduhu alimtazama kwa mshangao wa kweli. Hakuwa mtu mbaya, Maduhu, ndiyo maana Onesmo aliogopa zaidi. Angemkuta ni mwizi angempiga, yakaisha.

Akarudi ndani akamweleza mkewe yote: usukani, Uarabuni, kofia, miaka minne. Apolonia alisikiliza huku anajipapasa kichwa kitupu.

"Utakuwa unaendesha wewe? Wewe mwenyewe, huko juu?" Kwa kitambo kidogo macho yake yaling'aa, akamwonea fahari mumewe. Kisha yakazimika. "Na habari zako zikikatika mwaka mzima, Onesmo, hawa watu watangoja?"

Onesmo akazihesabu siku tangu aangushe shati. Wiki chache tu, na ng'ombe walishahama.

Mama alilia Onesmo na mkewe walipoondoka na Klara siku ile ile kwenda kukaa mgodini, akasema wamemfanya mkiwa mara mbili. Onesmo alimwomba radhi kwa magoti, wala hakubadili nia. Ng'ombe aliwaacha huko huko kwa kaka yake. Apolonia aligoma kulala hata usiku mmoja zaidi katika boma lile, na mumewe hakumlaumu.

Bwana Zigi aliwakuta uwanjani, mke amejifunga kitambaa kichwani, mtoto mgongoni.

"Mkataba ni wa mtu mmoja," alisema, akijua tayari.

"Najua, Bwana. Siendi."

Mpolandi akatukana kwa lugha yao, kwa kirefu. "Una mkono wa urubani kuliko nusu ya niliopigana nao vitani! Unaogopa nini? Kufa?"

"Kufa nimeshakufa," Onesmo alisema, huku anaitazama ndege, kwa maana aliitaka kofia ile, jamani, aliitaka sana. "Nilirudi nikaona wanayomfanyia mke wangu nisipokuwepo. Ukishaona hivyo, Bwana, huwezi kuondoka."