Sahihi Aliyoikwepa Matroni

Kwa miaka kumi na tisa, Matroni alipotokeza mlangoni mwa wodi, wauguzi walinyoosha shuka ambazo tayari zilikuwa zimenyooka. Alistaafu akiwa na mgongo wima, afya njema, na maadui wa kujaza wodi mbili. Hakuna aliyelia siku ya kumuaga. Mtu mmoja alipiga makofi mapema mno.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache na mzaha mkavu, aliyeshonea chumba cha mbele cha nyumba yao. Mwaka wa pili baada ya mkewe kustaafu, daktari alimwambia ana presha ya macho. Haiumi, lakini asipotia dawa kila siku ataanza kupoteza kuona kidogo kidogo, na kitakachopotea hakirudi. Dawa ilitolewa kliniki ya macho tu, kwa kadi ya matibabu ya mkewe, ile ya wastaafu na wenzi wao.

Ndipo ikaja fomu. Kadi zote zilitakiwa kuhuishwa ndani ya miezi mitatu. Matroni alijaza sehemu A na B siku hiyohiyo, kwa mwandiko wake wa ripoti. Sehemu C ilisema: ijazwe na kutiwa sahihi na mkuu wa kitengo alichostaafia mwombaji. Akaisoma mara mbili, akaikunja, akaizika kabatini chini ya vitambaa vya meza.

Mkuu wa kitengo sasa alikuwa muuguzi ambaye Matroni alimfahamu vizuri mno. Miaka kumi nyuma, akiwa na mimba ya miezi saba, muuguzi huyo alikutwa mchana kweupe amesinzia kitini. Matroni hakumwita pembeni. Aligonga trei ya chuma sikioni pake, akamsema mbele ya wagonjwa thelathini, halafu akamtupa chumba cha kufulia, akakunje shuka mpaka siku ya kujifungua. Sasa huyo ndiye aliyeshika muhuri.

"Mama Watoto, ile fomu vipi?" Fundi aliuliza wiki ya pili.

"Ipo."

"Najua ipo. Nauliza imefika wapi."

"Usinikalie kooni, Baba Watoto. Pale nimefanya kazi mimi, siyo wewe. Jumatatu wana mikutano."

Jumanne alifua mapazia. Jumatano alimfuata jirani kugombana juu ya mtaro. Alhamisi viatu vilimbana, na Ijumaa, kila mtu anajua, watu wa ofisi wanawahi kutoka. Binti yao alipopiga simu akajitolea kuipeleka mwenyewe, mama yake alimjibu, "Ukigusa fomu yangu, usinipigie tena." Binti akakata simu, na kwa muda mrefu kweli hakupiga.

Mwezi wa tatu tangu fomu ije, Fundi aliuliza tena, na Matroni, akiwa anapanga vyombo, akasema bila kugeuka, "Nimeshaipeleka. Tunasubiri wao."

Chupa ya dawa ilipokaribia kwisha, alimwambia mumewe atie tone moja badala ya mawili mpaka kadi itoke. Ilipokauka kabisa, akamwambia avumilie. Alikuwa muuguzi, alijua anachokisema. Hilo ndilo ambalo binti yao hakuja kumsamehe.

Mwezi wa nane mteja alirudisha suruali ambayo mguu mmoja ulishonwa kwa nje. Fundi aliupapasa mshono kwa kidole, akavaa kofia, akaenda kliniki peke yake bila kuaga. Aliporudi, aliitupa suruali ile mezani mbele ya mkewe.

"Dirishani wanasema kadi ilikufa miezi mitano iliyopita."

"Wale hawajui kutunza karatasi."

"Wanasema hawajapokea fomu yoyote. Wewe uliniambia umeipeleka."

"Nilisema nitaipeleka."

"Ulisema umeshaipeleka. Siku hizi macho yananidanganya. Masikio bado."

Asubuhi yake Matroni alitoa fomu kabatini, akaipiga pasi mikunjo, akaenda.

Walimweka kwenye benchi la korido saa tatu nzima. Wauguzi vijana walimpita wakicheka na simu zao, wala hakuna aliyemsalimia. Alipoitwa ndani, mkuu mpya hakuinuka na hakusema shikamoo.

"Kaa," alisema. Akageuza kurasa taratibu. "Hii fomu ni ya miezi minane. Kuna mahali pa kueleza sababu ya kuchelewa. Umepaacha wazi."

"Andika chochote."

"Haandiki mkuu wa kitengo. Anaandika mwombaji." Akamsukumia kalamu.

Matroni aliandika: ugonjwa.

"Ugonjwa wa nani?"

Feni ilizunguka juu yao. Matroni alikata lile neno kwa mstari mmoja, kama alivyowafundisha wauguzi wote kukata makosa, akaandika: sikutaka kumwomba mkuu aliyepo.

Mkuu mpya alisoma, akatia sahihi, akagonga muhuri. Haikuchukua hata dakika mbili.

"Ningeisaini siku ya kwanza," alisema. "Nisingekusalimia, lakini ningeisaini. Nani mgonjwa?"

"Mume wangu. Macho."

"Pole yake yeye."

Matroni alisimama. Lilikuwapo neno alilopaswa kulisema, na alilijua, lilimfika mpaka kwenye ulimi. Akasema, "Wauguzi wako hawasalimii watu wazima."

"Hawasalimii. Mlango uko nyuma yako."

Kadi ilihuishwa baada ya wiki mbili. Daktari wa macho alimulika jicho la kulia, halafu la kushoto, akarudia la kushoto, akaweka kurunzi chini. La kulia wangejaribu kulishikilia. La kushoto lilikuwa limekwisha.

"Mbona mlikaa bila dawa muda wote huo?" aliuliza.

Matroni alianza kueleza habari za ofisi na taratibu zake. Fundi alimkatiza.

"Muulize yeye peke yake, daktari. Mimi nilikuwa nashona."

Walitoka. Nje ya geti la hospitali barabara ilijaa pikipiki na malori, na Fundi alisimama ukingoni akigeuza kichwa huku na huku, akitafuta upande ambao haukuwapo tena. Matroni akamshika kiwiko. Yeye akakitoa mkononi mwake, polepole, kama mtu anayeondoa uzi kwenye nguo, akamwita mlinzi wa geti.

"Ndugu yangu, nivushe tafadhali."

Mlinzi alimtazama Matroni, akamtazama mzee, akamshika mkono wakavuka. Matroni akabaki upande wa hospitali na mfuko wa dawa, akisubiri magari yapungue.