Brosi ya Mukuba

Mzee aliyekuwa akija dukani kwetu kuulizia brosi, yaani brashi ya kusafishia bunduki, amefariki. Jirani yake aliniambia juma lililopita huku akichagua nati, nami, Mungu anisamehe, nikaendelea kumfungia nati zake. Nyinyi mnaonisoma siku zote mnajua kwamba kalamu hainilishi; ninalishwa na duka la vipuri alilofungua baba yangu alipofika Kolwezi na lori lake kutoka Maniema. Hapo ndipo nilipomfahamu marehemu, na hapo ndipo nilipomkosea.

Alikuwa mstaafu wa machimbo ya shaba ya Mashamba, mwenyeji wa Musumba, na bunduki yake ya kuwindia ilikuwa na kibali. Siku ya kwanza alikaa karibu saa nzima akichagua vitu vya kuisafishia. Nilimpa mafuta ya injini. Akayasugua kati ya vidole, akatikisa kichwa. "Hii ni nzito, mwana. Itakamata vumbi, na vumbi ya hapa unaijua." Akachukua kichupa cha mafuta mepesi ya cherehani. Mafuta ya taa ya kulegezea masizi alikuwa nayo, na vitambaa angevikata kwenye singlendi yake kuukuu ya pamba, maana nailoni hainywi kitu. Nikamletea brosi ya waya wa chuma. Akaisukuma kando. "Chuma itakwaruza bunduki mu tumbo. Mi nataka ya mukuba." Mukuba ndiyo shaba, na shaba ni laini: hutoa uchafu bila kuumiza njia ya risasi.

Sikuwa nayo. Soko zima halikuwa nayo. Malori ya shaba hupita mbele ya duka letu mchana kutwa hadi vikombe vinatikisika kwenye meza, vijana wanatoka kila pembe ya Kongo kuja kuichimba, na mzee aliyeichimba tangu ujana wake hapati nyuzi chache za kuzungushia kijiti. Ilibidi tuiagize ng'ambo. Akaniachia ganda tupu la risasi, nisikosee kipimo.

"Una haraka, tata?" nilimuuliza, nikimwita baba kwa heshima ya huku kwetu.

"Nguruwe ya pori banamaliza mihindi ya dada yangu kule Musumba. Eko peke yake," akasema. "Lakini ndani ya bunduki kutu imejaa. Nikipiga hivi, itanipasukia ku uso. Ikikuwa safi tu, naenda."

Alikuja kuulizia misimu miwili ya mahindi. Kila mara nilimjibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye maandishi yangu: "Haiyafika, tata. Poso ingine." Juma jingine, basi. Naye alisema haina neno, akaondoka. Hakunigombeza hata siku moja, na hilo linaniuma kuliko yote.

Jioni ile ya habari ya msiba nilivuta droo kutafuta lile ganda. Brosi ilikuwa pale pale kando yake, bado ndani ya karatasi. Ilifika na mzigo wa kabla ya mvua zilizopita. Niliipokea kwa mikono yangu, nikaiweka hapo nisije nikaisahau, kisha nikaendelea kusema haijafika.

Nikaipeleka msibani. Mjane akaleta bunduki iliyofungwa kwenye kitenge, akaijaribu brosi kwenye mdomo wa bunduki. Ikaingia sawasawa. Mwanamke mmoja mzee aliyeketi mkekani akaniuliza:

"Ni weye ulikuwa unasema poso ingine?"

Alikuwa yule dada. Shamba ameshaliacha, nguruwe walimshinda, akaja kukaa kwa kaka yake, sasa na kaka hayupo. Nikasema ndiyo, mama, ni mimi. Akageuka upande wa pili.

Malori hayatasimama kwa ajili ya mzee mmoja. Lakini siwezi kuyasingizia, maana brosi yake ilifika. Tangu siku ile, mteja akiniuliza kitu naacha kalamu, nainuka, nafungua droo ndipo nijibu. Leo nimeinuka mara nyingi sana. Hakuna aliyeulizia brosi.